Hekalu la Mikuyu Sita

Mtu akipita katika masoko ya Uvira ataona kwamba karibu kila kitu kinachong'aa juu ya meza kimevuka bahari: simu, viatu vya mpira, taa za nguvu ya jua, vyuma vya pikipiki, hata vitambaa ambavyo mama zetu huvisifu kana kwamba vimefumwa hapa hapa. Uliza vimetoka wapi, nao wenye meza watakutajia mji mmoja, Guangzhou. Wazee waliosoma zamani katika shule za misioni waliujua kwa jina la Canton. Ni mji wa kusini ya Uchina, ukingoni mwa Mto wa Lulu, na katika hesabu ya mwaka 2020 walionekana humo watu zaidi ya milioni 18. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 wafanyabiashara wa Afrika walizoea kwenda huko, nao wakajikusanya hasa katika mtaa wa Xiaobei, ingawa tangu ugonjwa wa korona wa mwaka 2020 idadi yao imepungua sana.

Mtu wa kwetu anayekwenda huko kwa kawaida huvuka mpaka Kavimvira, hupita Gatumba mpaka Bujumbura, hupanda ndege mpaka Addis Ababa, na kutoka hapo hulala angani usiku mzima. Mali yake hurudi polepole zaidi. Husafiri baharini mpaka Dar es Salaam, halafu nchi kavu mpaka Kigoma, na mwisho hupakiwa katika meli za ziwa mpaka bandari yetu ya Kalundu. Lakini sikuketi kuandika habari za biashara. Nataka kuwaeleza wasomaji habari za hekalu moja la kale nililolizuru katika mji huo, na jambo lililotupata ndani yake, kwa maana ni jambo linalotugusa hata sisi tulio kando ya Tanganyika.

Pengine msomaji atauliza, Mkristu wa Uvira ana shughuli gani na hekalu la Wachina? Basi ajue kwanza kwamba uhusiano wetu na nchi ile ni wa zamani kuliko viatu vya mpira. Mtakatifu Fransisko Saveri, yule aliyepitia Malindi mwaka 1542 akiwa njiani kwenda Uhindi, alitamani mwisho wa maisha yake kuingia Uchina. Alifika kisiwa cha Shangchuan, karibu na pwani ya jimbo lile lile la Guangzhou, akapatana na mfanyabiashara Mchina amvushe kwa siri mpaka Canton. Siku zikapita, mtu yule hakuja. Saveri alishikwa na homa, akafa kisiwani mwanzo wa Desemba 1552, hali bara la Uchina liko mbele yake.

Miaka 343 baadaye, sikukuu ya mtakatifu huyo, tarehe 3 Desemba 1895, padre mmoja Mwitalia, Guido Maria Conforti, alianzisha mjini Parma shirika la wamisionari kwa nia ya kuendeleza safari ile iliyokatika. Ndio Wasaveri. Wa kwanza waliondoka kwenda Uchina mwaka 1899, na Conforti mwenyewe, alipokwisha kuwa askofu, alikwenda kuwatembelea mwaka 1928. Baada ya mwaka 1949 serikali mpya ya Uchina iliwafukuza wamisionari wa kigeni, nao Wasaveri wakalazimika kutafuta mashamba mengine. Mwaka 1958 walifika Kongo, upande wetu huu. Jimbo la Uvira lilipoundwa tarehe 16 Aprili 1962, askofu wake wa kwanza alikuwa Msaveri, Danilo Catarzi. Kwa hiyo wengi wetu tulibatizwa na watu wa shirika lililofanywa kwa ajili ya Wachina, nasi tulipata kile ambacho Wachina walikuwa wamewekewa. Conforti aliandikwa katika orodha ya watakatifu tarehe 23 Oktoba 2011.

Mimi kazi yangu ni ualimu. Katika likizo ya Pasaka ya mwaka 2018 nilifuatana na mama mmoja wa parokia yetu, mwenye duka la vitenge na viatu, aliyetaka mtu wa kumwandikia hesabu na kumsomea barua za mizigo. Mama huyo alikuwa amemzika baba yake mwezi wa Januari, na kitambaa cha matanga alikuwa bado hajakivua. Tulifika Guangzhou siku chache baada ya Pasaka, kumbe tumefika wakati mbaya kwa mtu mwenye haraka, maana tarehe 5 Aprili maduka mengi na viwanda vilifungwa. Ilikuwa sikukuu ya Qingming, siku ambayo Wachina huenda makaburini. Hung'oa majani, hufagia, huzipaka rangi upya herufi za majina juu ya mawe, huweka matunda na chai, na wengine huchoma karatasi zilizofanywa mfano wa fedha ili marehemu wasipungukiwe. Sisi Wakongo tunayo tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, ambayo asubuhi yake watu huchukua majembe na mafagio kwenda kusafisha makaburi, na jioni hula pamoja na wazazi walio hai. Nilipomweleza hivyo yule binti Mchina aliyekuwa karani wa wakala wetu wa mizigo, alifurahi sana, akasema kwamba hakujua kama watu wa Afrika wana Qingming yao.

Binti huyo alijua Kifaransa cha kutosha, alichokipata kwa kuuza na kununua na watu wetu. Kaburi la bibi yake liko mbali, katika kijiji cha mkoa mwingine, na ruhusa ya kazi haikumtosha kwenda. Kwa hiyo alikusudia kwenda hekaluni kumwombea huko huko mjini, akatukaribisha tufuatane naye. Mama alinitazama. Nikasema, twende tukaone.

Kutoka Xiaobei tulikwenda kwa miguu yapata nusu saa, tukipita chini ya barabara za juu na katikati ya maghorofa, hata tukaingia katika njia nyembamba ambamo harufu ya ubani ilitulaki kabla ya kuliona hekalu lenyewe. Linaitwa Liurong, maana yake Mikuyu Sita. Nasema mikuyu kwa kuwa sina neno lililo karibu zaidi: ni miti ya jamaa hiyo hiyo, yenye mizizi inayoning'inia kutoka matawini kama ndevu za mzee, na ikigusa ardhi hugeuka kuwa shina jipya. Ng'ambo ya Ruzizi, katika nchi ya Burundi, miti ya jamaa hiyo huonyesha mpaka leo mahali yalipokuwa makao ya wafalme wa kale. Nyumba zimeoza, miti imebaki.

Jina la hekalu lina kisa chake. Mwaka 1100 mshairi mashuhuri Su Dongpo, aliyekuwa amehamishwa kwa adhabu katika kisiwa cha Hainan kwa sababu hakupatana na wakubwa wa serikali, alisamehewa, na katika kurudi akapita hapa. Watawa walimwomba awaandikie neno la ukumbusho. Yeye aliiona mikuyu sita uani, imetanda vizuri, akachukua kalamu ya manyoya akaandika neno "Mikuyu Sita" tu. Mwaka uliofuata alikufa. Watawa wakaichora hati yake juu ya jiwe, na baada ya muda watu wakaliacha jina la zamani la hekalu, wakashika la mshairi. Mikuyu ile yenyewe ilikwisha kufa zamani. Iliyopo leo imepandwa baadaye.

Hekalu ni kuukuu kuliko mshairi. Lilianzishwa mwaka 537 ili kutunza masalio ya Buddha yaliyoletwa kutoka nchi ambayo leo ni Kamboja. Mnara wa kwanza uliungua, na huu unaoonekana ulijengwa mwaka 1097, ukatengenezwa tena mara nyingi. Una pembe nane na urefu wa meta 57, yaani kama michikichi mitatu mirefu iliyopandanishwa. Nje unahesabu ghorofa tisa, lakini ndani zipo kumi na saba, kwa kuwa kila paa linaficha chumba kingine. Kuta zake ni nyeupe, nguzo nyekundu, na mapaa yake yamepinda juu pembeni, hata watu wa mji wakauita Mnara wa Maua. Juu kabisa imesimamishwa nguzo ya shaba iliyosubiwa mwaka 1358, imejaa sanamu ndogo za Buddha zaidi ya elfu moja, na uzito wake wapita tani tano. Nilisimama chini nikajiuliza jinsi mafundi walivyoipandisha bila mashine. Binti hakujua, nami sikupata mtu wa kuniambia.

Katika jumba kubwa yamekaa masanamu matatu ya shaba, ya Buddha wa zamani, wa sasa na wa wakati ujao, kila moja lina kimo cha meta sita na uzito wa tani kumi. Yalisubiwa mwaka 1663. Nyuso zake zimetulia, macho yamefumbwa nusu. Ni vema kujua kwamba Buddha hakusema yeye ni mungu. Alikuwa mtu, mwana wa mtawala katika nchi iliyo chini ya milima ya Himalaya, miaka mia kadhaa kabla ya Kristu, aliyeiacha nyumba ya baba yake alipoona ugonjwa, uzee na maiti, akataka kujua njia ya kutoka katika mateso. Mafundisho yake kwa watawa ni ya kuinyamazisha tamaa. Lakini watu wa kawaida hawaji hekaluni kwa falsafa. Wanakuja kwa mtoto mgonjwa, kwa mtihani, kwa mke asiyezaa, na wengi humwendea Guanyin, ambaye sanamu yake ya shaba ina jumba lake. Huyo ni mwenye huruma anayesikia vilio vya ulimwengu, naye huonyeshwa kwa sura ya mwanamke mwenye vazi refu. Mama alipomwona alitaka kujifanyia ishara ya msalaba, kisha mkono ukasimama kifuani. Simlaumu. Huko Japani, serikali ilipokataza dini ya Kristu tangu mwaka 1614, Wakristu waliojificha waliweka nyumbani sanamu za huyo huyo Guanyin, ambaye Wajapani humwita Kannon, na mbele yake wakamwomba Bikira Maria.

Mimi nilikaa zaidi mbele ya sanamu nyingine, ya mtu mkondefu aliyeketi amekunja miguu. Ni Huineng, aliyeishi tangu mwaka 638 hata 713, na sanamu yake ilisubiwa mwaka 989. Alizaliwa katika jimbo hili la kusini, akafiwa na baba yake utotoni, akakata kuni na kuziuza sokoni ili kumlisha mama yake. Hakujua kusoma. Watu wa kaskazini waliwadharau watu wa kusini wakiwaita washenzi, kumbe mkata kuni huyu ndiye aliyekuja kuwa mwalimu mkuu wa madhehebu yake, wa sita tangu mwanzo. Katika hekalu la Guangxiao, ambalo si mbali na hapa, wanaonyesha mahali aliponyolewa nywele mwaka 676 alipoingia utawa. Niliwaza watoto wa darasa langu wanaoshuka alfajiri kutoka milimani na mzigo wa makaa kichwani kabla ya kuja shule.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Uani, mbele ya mnara, kuna chetezo kikubwa cha chuma kilichojaa majivu. Kila aingiaye huchukua vijiti vitatu vya ubani, huviwasha, huviinua mpaka kwenye paji la uso, huinama mara tatu, kisha huvichomeka majivuni. Yule binti alileta vijiti tisa, vitatu kwa kila mtu. Akampa Mama vyake kwa mikono miwili, kwa adabu, akasema:

"Mama, hivi ni kwa ajili ya baba yako. Si umeniambia umempoteza mwaka huu?"

Mama hakuvipokea, wala hakurudisha mikono nyuma. Alinigeukia akasema kwa Kiswahili:

"Mwalimu, nifanye nini? Nikikataa nitamtia mtoto wa watu aibu mbele ya nyanya yake. Nikipokea, nitamwambia nini Padre?"

"Mwambie ukweli," nikamjibu. "Mwambie kwetu tunawaombea wafu kwa njia nyingine."

"Na baba yangu? Alikataa maisha yake yote kumwaga pombe kaburini kwa baba yake, kwa sababu katekista alisema ni dhambi. Ndugu zake wakamchukia mpaka kufa. Halafu mimi nimfukizie ubani kwa Wachina?"

Katika neno hilo sauti yake ilikatika, akatazama chini. Binti alidhani amemkosea, akaanza kuomba radhi. Watu walitupita na vijiti vyao, hakuna aliyetujali.

Hapa sina budi kuacha kidogo hekalu nieleze habari ya Kanisa, maana swali la Mama liliulizwa katika jimbo lile lile miaka zaidi ya 400 iliyopita, na majibu yake yalitesa watu wengi. Mwaka 1583 mapadre wawili Wajesuiti, Michele Ruggieri na Matteo Ricci, walipewa ruhusa kukaa Zhaoqing, mji ulio magharibi ya Guangzhou. Ricci alizaliwa mwaka ule ule Saveri alipofariki. Kwa kuwa Wachina waliwajua watawa wa Buddha kuwa watu wa dini wasiooa, Wajesuiti walinyoa vichwa wakavaa mavazi ya watawa wa Buddha, na mkubwa wa mji akawapa kibao cha kuweka mlangoni, kilichoiita nyumba yao hekalu. Baada ya miaka kumi na zaidi Ricci aliona kwamba watu wenye elimu hawawaheshimu sana watawa hao, ndipo mwaka 1595 akaliacha vazi lile akavaa joho la wasomi. Mwaka 1601 aliingia Beijing, akafa huko mwaka 1610.

Ricci aliwatazama Wachina kwa makini, akakuta kwamba katika kila nyumba kuna vibao vya mti vyenye majina ya wazazi waliokufa, nao watoto huinama mbele yake, huchoma ubani na kuandaa chakula. Akajiuliza, je, hii ni ibada, au ni heshima ambayo mwana anamtolea baba? Akaamua kwamba kwa sehemu kubwa ni heshima, na Mkristu aweza kuitoa. Mashirika mengine yaliyofika baada yake, hasa Wadominiko na Wafransisko, hayakukubali. Yaliona watu wa vijijini wakisema na vibao kama na watu, wakiviomba mvua na watoto. Pande zote mbili zilikuwa zimeona kweli, kila mmoja mahali pake. Ugomvi ukapelekwa Roma. Mwaka 1704 Papa Klementi XI alikataza heshima hizo, akakaza katazo hilo mwaka 1715. Mfalme wa Uchina, Kangxi, aliyekuwa amewapenda Wajesuiti, alikasirika, na mwaka 1721 akaamuru mafundisho ya Kikristu yapigwe marufuku. Mwaka 1742 Papa Benedikto XIV akaufunga mjadala wote, akawalazimisha wamisionari wanaokwenda Uchina kula kiapo.

Fikirini maisha ya Mkristu Mchina katika miaka ile. Baba yake amekufa, ndugu wote wameinama, yeye peke yake amesimama wima. Kijiji kizima kinasema kwamba Ukristu ni dini ya watu wasio na wazazi. Hali hiyo ilidumu miaka karibu 200. Tarehe 8 Desemba 1939, wakati wa Papa Pio XII, Roma ilitoa agizo jipya, kwamba kuinamisha kichwa na kutoa alama nyingine za heshima ya kiraia mbele ya maiti, mbele ya picha ya marehemu, au hata mbele ya kibao chenye jina lake tu, ni halali na jambo jema. Miaka kumi baadaye milango ya Uchina ilianza kufungwa, na wengi wa waliosubiri ruhusa hiyo walikuwa makaburini tayari.

Kwetu hatukuwa na vibao. Tulikuwa na vibanda vidogo vya mizimu nyuma ya nyumba, na kibuyu, na mti. Makatekista wa kwanza waliamuru vibomolewe, nami najua walikuwa na sababu, maana palikuwa na hofu nyingi katika vibanda vile, na waganga waliojitajirisha kwa hofu hiyo. Mtoto akiugua, mzee fulani aliyekufa amekasirika, leteni mbuzi. Lakini pamoja na hofu vilibomolewa pia shukrani na kumbukumbu, na watu kama baba yake Mama wakabaki hawana namna ya kuwaheshimu baba zao mbele ya ukoo. Katika Kongo jibu lilikuja polepole. Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alilishughulikia kwa miaka mingi, na tarehe 30 Aprili 1988 Roma iliidhinisha kitabu cha Misa kwa majimbo ya Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo. Humo, mwanzoni mwa Misa, huitwa Bikira Maria na watakatifu, kisha huitwa na mababu zetu wenye moyo mnyofu, wawe pamoja nasi. Papa Fransisko aliisoma Misa ya namna hiyo katika kanisa la Mtakatifu Petro tarehe 1 Desemba 2019. Na sisi wa Uvira, tarehe 18 Agosti 2024, tuliwaona wafu wetu wenyewe wakitangazwa Wenyeheri: Wasaveri watatu, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na padre wa kwetu Albert Joubert, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Picha zao ziliinuliwa juu, zikafukiziwa ubani, na hakuna aliyeuliza kama ni halali.

Je, ruhusa ya mwaka 1939 ilimhusu Mama na vijiti vyake? Kwa maoni yangu, sivyo kabisa. Agizo lile lilisema habari ya heshima ya kiraia kwa marehemu, halikusema habari ya hekalu la dini nyingine. Ubani wa Liurong unafukizwa mbele ya Buddha, na Mbudha mwenyewe angeshangaa kuambiwa kwamba si ibada. Mtaguso Mkuu wa pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini hizo, nao uliitaja dini ya Buddha kwa jina. Kuheshimu ibada ya mwenzako ni jambo moja, na kuishiriki ni jambo la pili. Lakini yule binti hakumwita Mama aabudu. Alimwita amkumbuke baba yake. Ndiyo sababu Mama alishindwa kutamka neno "hapana" kwa wepesi, nami, pamoja na vitabu vyangu, nisingalimlaumu kama angalivipokea.

Mama alifuta macho, akamshika binti mkono ule ule wenye vijiti, akamwambia kwa Kifaransa:

"Binti yangu, wewe mfukizie bibi yako, nami nitasimama hapa kando yako mpaka umalize. Baba yangu nitamwombea Jumapili kanisani kwetu. Niambie jina la bibi yako, nimwombee pamoja naye."

Binti akauliza ni kiasi gani cha fedha hutolewa kwa jambo hilo. Mama akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, akasema kwamba kwa rafiki ni bure, bali apunguze kidogo bei ya kilo za mzigo. Binti akaandika jina nyuma ya stakabadhi ya viatu. Kisha akawasha vijiti vyake vitatu, akaviinua, akainama. Mama alisimama amefumba mikono, midomo ikicheza. Najua alikuwa akisali "Raha ya milele", maana nilisikia neno la mwisho. Vijiti sita vilivyobaki binti alivirudisha mahali alipovitoa.

Jumapili iliyofuata, tarehe 8 Aprili, tulikwenda kanisa kuu la Moyo Mtakatifu wa Yesu, ambalo Wachina huliita Nyumba ya Mawe. Limejengwa kwa mawe magumu ya matale, kuta hata nguzo, tangu mwaka 1863 hata 1888, na minara yake miwili ina meta 58, yaani kama ule wa Mikuyu Sita. Misa ya Kiingereza huwa alasiri. Siku ile waliijaza watu wa Nijeria, wa Kongo, wa Angola, Wafilipino na Wachina, na kwaya iliimba kwa ngoma. Kabla ya Misa Mama alimwendea mzee wa sakristia na karatasi yenye majina mawili. La baba yake, jina refu la Kifuliru, mzee alilijaribu mdomoni mara mbili, akatikisa kichwa, akalinakili herufi kwa herufi kama alivyoliona. Jina la bibi lilikuwa alama tatu tu za Kichina. Hilo alilisoma kwa sauti mara moja, akamtazama Mama kwa mshangao, kisha akaliandika chini ya lile la kwanza.